Neno Lililorukwa Katika Mafunjo ya Sakha

Damaski, siku ya tisa ya mwezi wa Hathor, mwaka wa 416 wa Mashahidi

Kwa dada yangu Tagapi, mwenye karakana ya mafunjo, Sakha ya Misri.

Kabla sijasema la kwangu, hujambo dada? Magoti yako yanaendeleaje? Na Mjomba Pisenti, bado anakohoa kila akichovya brashi ili watu wajue kwamba kazi imeanza?

Sawiros muuza kitani amenifikishia samaki wako wa chumvi. Harufu ilifika siku mbili kabla yake. Jirani yangu Mshami aligonga mlango kuuliza kama nimefiwa. Nikampa kipande. Siku ya pili akarudi, safari hii na mkate wake mwenyewe chini ya kwapa.

Habari kubwa ya huku ni kwamba khalifa ameamua daftari zote za ofisi ya kodi, ambazo tangu enzi za Warumi zinaandikwa kwa Kiyunani, zihamie kwenye Kiarabu. Makarani wenzangu wanatembea kama watu waliotoka kuzika. Mimi sina wasiwasi. Nimekuwa nikijifunza Kiarabu kimyakimya miezi minne sasa, na nakiandika bila kutazama mfano. Meza yangu ni ileile, karibu na dirisha, na vijana wakikwama neno wananiletea mimi. Hata sarafu zimebadilika. Dinari mpya haina uso wa mfalme wala msalaba, ni maneno matupu pande zote mbili, na sokoni kila mtu anaigeuzageuza kama anayetafuta kichwa chake.

Yapo na mengine yanayokuja. Utayasikia kwa wakati wake, na ukiyasikia usishtuke. Waambie wote pale karakana kwamba Kolutho wao yuko imara.

Ndugu yako,
Kolutho, karani

*

Sakha, siku ya kumi na nne ya Tobe

Mdogo wangu Kolutho,

Amani iwe kwako. Magoti yangu yapo, yananibeba mpaka kwenye madimbwi na kunirudisha. Hayo ndiyo mazuri, sasa nisikilize.

Juzi mkuu wa mji alikuja mlangoni pa kanisa na amri kutoka kwenu, Kiarabu juu, Kiyunani chini. Akasoma. Tangu sasa karatasi ya kwanza ya kila gombo la serikali isiandikwe tena jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, wala isichorwe msalaba. Iandikwe maneno ya Waislamu, kwa Kiarabu. Mwisho ni mwezi wa Parmoute. Magombo yenye kichwa cha zamani yatakayofika ghala la serikali Fustat baada ya hapo yatachomwa, na karakana itafungwa.

Watu walikuwa wananung'unika. Niliomba nione ile karatasi kwa karibu. Kolutho, ile herufi ya "ro" unayoishusha mkia kama ndoana ya samaki! Mimi ndiye niliyekupiga mkono kwa ajili ya mkia huo ukiwa na miaka saba, mama akiwa ameshatutoka na mimi ndiye mama. Ungeuficha mkono wako kwa mtu mwingine, si kwangu.

Ulijua. Ulikaa ukaiandika amri hiyo neno kwa neno, halafu ukaniandikia habari za samaki.

Mjomba ameweka brashi chini. Nilimfuata kwenye kivuli cha ukuta alikokwenda kukaa.

"Mjomba, tuna watu kumi na tisa hapa. Wanakula kwa magombo haya."

"Miaka thelathini na moja naandika jina la Utatu," akasema. "Leo mkono huuhuu ugeuke?"

"Miaka yote hiyo, nani amewahi kulisoma? Maandishi yako ni kama kuku amevuka uwanja."

"Mungu analisoma."

Nikaokota brashi yake nikaiosha. Nimwambie nini mtu aliyesema hivyo?

Na hata angekubali, Kiarabu nani anakijua hapa? Wale askari wanaoleta farasi kula majani kila masika hawawezi kuandika hata majina yao. Wewe ndiye uliyeleta jambo hili nyumbani kwa baba yako. Basi niambie nifanye nini.

Dada yako,
Tagapi

*

Damaski, siku ya kumi na tatu ya Mshir

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu nilipojaribu kukaa sikuweza.

Ni kweli, ni mkono wangu. Niliitwa nikapewa Kiarabu chake kimeshatafsiriwa kwa mdomo, nikaambiwa nikipange kwa Kiyunani safi. Nilifikiri: akiisoma mtu mwingine huko, Tagapi hatajua. Niliona haya, dada. Sina maneno mengine ya kujitetea. Sitakuficha tena jambo.

Sasa tutazame mbele. Usitafute Mwarabu wa kukuandikia. Brashi shika mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kuandika, na mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Ndani ya barua hii nimekukunjia karatasi yenye maneno yote kwa Kiarabu, kwa wino mzito, makubwa kama yanavyotakiwa. Nimeiandika mwenyewe kwa kichwa, kwa mkono wa fundi. Fuata kila mstari, kila kona, usiongeze wala usipunguze kitu. Kiarabu kinaanzia kulia. Utaona mahali pana miti mirefu imesimama imebanana. Ni kama mafunjo kwenye dimbwi, usiogope, hesabu miti tu.

Najua utauliza maana. Ni hii: "Kwa jina la Mungu, Mwenye rehema, Mwenye kurehemu. Hapana mungu ila Mungu peke yake, hana mshirika. Muhammad ni mtume wa Mungu." Basi. Hawataki mtu ayakiri kwa moyo, wanataka yawe juu ya karatasi yao. Ofisini hapa kuna Wakristo tele, wanalipa kodi yao ya kichwa na Jumapili wanakwenda kanisani, hakuna anayewauliza. Nasikia Warumi wa ng'ambo wamechukia sana, kwa sababu wao hawana mafunjo na wanayanunua kwetu. Lakini wataendelea kununua. Wataandikia nini?

Mjomba mwambie namsalimu. Usimwambie ni mkono wangu kama hujamwambia.

Kolutho

*

Sakha, siku ya ishirini na tano ya Parmoute

Mdogo wangu,

Kristo amefufuka! Nimekuwa kimya kwa sababu mikono yangu ilikuwa myeusi kwa wino mpaka kwenye viwiko.

Nilikuwa nimekukasirikia, na hasira yenyewe nilipanga iendelee mpaka Pasaka. Lakini kazi ikanimalizia. Nitakueleza ilivyokuwa.

Kwanza nilikwenda kwa padri wetu, Apa Yoana, na karatasi yako mkononi. Nikamsomea maana yake kama ulivyoniandikia. Nikamwambia, "Baba, nikiandika haya nitakuwa nimemkana Kristo?"

Unajua alivyo mzee sasa, anafikiri huku anatafuna. Akaniuliza, "Karatasi ni ya nani?"

"Ya serikali. Wanailipia, wanaipiga muhuri."

"Baba yangu mimi alifungwa na Warumi," akasema, "kwa sababu alikataa kumfuata askofu wao. Amri ya kumfunga niliiona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Juu yake palikuwa na msalaba mzuri kabisa, na jina la Utatu. Hawa wa sasa wanatoza kodi, na kodi yenyewe inauma, lakini patriaki wetu hajifichi tena na kengele yangu nagonga. Wewe ukienda Fustat utamkana Kristo kwa mdomo?"

"Hapana!"

"Basi nenda kachanganye wino wako. Uandike vizuri, isije ikasemwa kwamba Wakristo wa Sakha wana mkono mbaya."

Nikaanza. Wiki mbili niliandika juu ya mabaki na mapande yaliyopasuka. Mwanzoni kila neno lilikuwa limelala ubavu. Wanawake wa kugonga mafunjo waliacha nyundo wakaja kunicheka. "Bibi mkubwa anaandika kinyumenyume!" Sikuandika hata mstari mmoja bila kuusema kwanza kwa lugha yetu, neno kwa neno, nijue mkono wangu unasema nini. Siku ya kumi na saba nikaona yamesimama. Kolutho, ni mazuri! Yana mwendo. Yanakwenda kama maji yanayojua yanakokwenda.

Mjomba alikuja akatazama juu ya bega langu. Jioni yake alisema anakwenda kwenye monasteri ya jirani kuwanakilia watawa Zaburi. Nikampa karatasi zangu bora kabisa, zile zisizohitaji kichwa chochote. Aliondoka anakohoa kwa furaha.

Magombo mia mbili yameondoka jana kwa mashua kwenda Fustat, kila moja na kichwa changu. Watu kumi na tisa wanakula. Kanisani nimewaambia wote kwamba mdogo wangu ni karani mkuu Damaski, na kwamba mfano ulitoka mkononi mwake. Nimejisifu kidogo. Padri alinitazama, nikapunguza.

Nimekusamehe. Nilisahau kuiandika juu, naiandika hapa chini.

Tagapi

*

Damaski, siku ya ishirini na nane ya Parmoute

Tagapi! Kama hujaandika, usiandike. Kama umeandika, usiyapeleke. Kama umeyapeleka, Mungu anisaidie mimi, na wewe akusaidie zaidi.

Karatasi niliyokutumia ina kosa.

Nitakuambia yote, na safari hii ni yote kweli. Sina meza karibu na dirisha. Ile amri uliyoutambua mkono wangu ndani yake ndiyo kazi yangu ya mwisho pale ofisini. Siku chache baadaye tuliitwa makarani saba wa Kiyunani, tukashukuriwa, tukapewa mkono wa buriani. Nilipokuandikia kwamba meza yangu ni ileile, nilikuwa na siku thelathini mtaani. Na Kiarabu nilikuwa nimejifunza wiki tatu, si miezi minne. Nilishindwa kukuambia. Wewe uliwaambia watu wote nilipoondoka kwamba mdogo wako anakwenda kuwa mtu mkubwa, na nilikuwa bado nasikia sauti yako.

Ninafanya kazi kwa mzee mmoja Mwarabu wa Yemen anayeitwa Dhakwan, mshona matandiko ya farasi. Namshonea matandiko mchana, naye ananifundisha kusoma na kuandika. Ndiyo malipo. Ni mtu mwema, mwenye matusi mengi.

Karatasi yako niliiandika bila kumwonyesha. Nilitaka iwe yangu peke yangu. Jana nikafikiri nimpe zawadi, nikayachora maneno yaleyale kwa sindano kwenye kipande cha ngozi. Akakichukua, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu.

"Isome," akasema.

Nikasoma.

"Sasa soma ulichoandika, punda wewe, acha kusoma unachokijua."

Nikaweka kidole chini ya kila neno. Tagapi, yale maneno ya katikati yote ni miti mirefu, yanafanana kama mapacha. Nimeruka moja. Nimeruka "ila". Nimeandika "hapana mungu" na palipotakiwa "ila" hakuna kitu.

Nikamwambia nimeshayapeleka Misri. Kwa nani? Kwa dada yangu. Anafanya nayo nini? Anayaandika kwenye magombo ya serikali. Dhakwan akaweka sindano chini. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Ulimwambia wewe ni nani?" akauliza.

"Nilimwambia mimi ni fundi."

Ndani nimeweka karatasi mpya. Hii ameisoma Dhakwan mara tatu na ameweka alama yake pembeni. Sawiros hayupo, nimempa mtu wa msafara wa mafuta. Ameahidi kwenda haraka. Wakikuuliza, sema ni mimi. Taja jina langu lote na mtaa ninaokaa, karibu na lango la mashariki, kwa mshona matandiko. Usinilinde.

Kolutho

*

Sakha, siku ya sita ya Paone

Mdogo wangu, wangu kabisa,

Barua yako ilifika mikononi mwangu siku kumi baada ya jambo lenyewe kuanza, nikiwa Fustat, kwenye ghala, na gundi kwenye nywele. Mtu aliyeileta kutoka nyumbani alinikuta nimekaa chini. Niliisoma nikacheka mpaka nikaegemea gunia. Sasa nipo nyumbani, salama, na nitakuambia kwa mpango.

Siku ya kumi na sita ya Pashons alikuja mpanda farasi. Mwenye karakana ya Sakha anatakiwa Fustat, aje na brashi zake. Hakusema kwa nini. Watu walidhani wametupenda, wanataka kuagiza zaidi. Nikavaa shali nzuri.

Nilipoingia ghalani niliona magombo yangu yote yamepangwa sakafuni, vichwa wazi. Karani kijana wa Kiarabu alikuwa anatembeatembea katikati yake kama simba aliyefungiwa. Aliponiona tu akapaza sauti. Mkalimani, Mkopti mmoja mpole, akanyauka.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Anasema mmeandika kwamba hakuna Mungu. Mara mia mbili. Anasema ni matusi ya makusudi."

Sikuelewa. Nilifikiri labda maana uliyonipa ni ya uongo, kwamba ulinichezea. Nikuombe msamaha kwa hilo.

Mwisho wa ghala alikuwa amekaa mzee mwenye jicho moja bovu, Bwana Hayyan, msimamizi wa mafunjo yote ya Misri. Akamwashiria kijana anyamaze. Akaniuliza kwa utulivu, "Mama, nani aliandika haya?"

"Mimi, bwana."

"Peke yako? Hakuna mwanamume nyuma yako?"

"Nyuma yangu kuna wanawake wa nyundo. Brashi nashika mimi."

"Andika tena, hapa mbele yangu."

Wakaniletea karatasi. Nikachovya brashi. Nikaandika kama ninavyoandika siku zote, nikiyasema maneno kwa sauti ya chini kwa lugha yetu. Mzee akainua kidole.

"Anasema nini huyu mama wakati anaandika?"

Mkalimani akasogea kunisikiliza. "Anasema maana yake, bwana. Anasema: hapana mungu ila Mungu peke yake, hana mshirika."

"Hebu aseme tena."

Nikasema tena. Mkalimani akatafsiri tena. Bwana Hayyan akatazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama karatasi. Kisha akaanza kutikisika mabega. Nilidhani anaumwa.

"Tazama," akamwambia yule kijana. "Mdomo wake umelitaja neno, mkono umelipita. Mtu anayetukana haweki 'ila' kinywani. Huyu amenakili kosa la mtu mwingine kwa uaminifu ambao wewe huna." Akanigeukia. "Mama, aliyekupa mfano ni nani?"

"Ndugu yangu, bwana. Karani mkuu wa Damaski."

"Mkuu?"

"Ndivyo nilivyoelewa barua zake."

"Ah," akasema Bwana Hayyan. "Na mimi nina ndugu."

Yule kijana bado alitaka magombo yachomwe. Mzee akasema mafunjo hayana hatia. Karatasi ya kwanza imegundishwa tu, ibanduliwe, igundishwe nyingine. Karatasi zenye kosa alizichukua mwenyewe, akasema jina la Mungu lililomo litazikwa mahali safi. Akaniandikia mfano kwa mkono wake, na kipande chake kimoja nimekukunjia humu. Nikamwuliza neno moja moja ni lipi, akanionyesha, na "ila" nikaiandika mara hamsini mpaka akaniomba nipumzike.

Nilimwuliza pia, kwa sababu nilikuwa nimeshapata ujasiri, kama siku moja watatutaka tuyakiri haya na sisi wenyewe. Yule kijana akafungua mdomo. Mzee akamtangulia: "Kodi yako umelipa?" Nimelipa. "Basi ya moyoni ni kati yako na aliyekuumba. Mimi nasimamia mafunjo." Sijui kama wote wako hivyo, Kolutho. Yule kijana hakuwa hivyo, na ndiye atakayekuwa mzee kesho. Lakini siku hiyo aliyekaa kwenye mkeka alikuwa Hayyan, nami nilishukuru.

Magombo mia mbili peke yangu! Nikatuma habari nyumbani aje mtu wa kunisaidia. Unajua aliyeshuka kwenye mashua ni nani? Mjomba Pisenti, na chungu cha gundi ya ngano mapajani, amekikumbatia njia nzima. Habari ilimkuta kwa watawa, akaacha Zaburi katikati ya mstari.

"Nilidhani huandiki," nikamwambia.

"Siandiki," akasema. "Kugundisha nagundisha."

Siku kumi na moja. Mimi naandika, yeye anabandua na kugundisha, habari ya kilichoandikwa haulizi, ila kila karatasi anaipitisha kombe la kulainishia mpaka inang'aa. Siku ya nane nilimwona anainamia mstari wangu mmoja muda mrefu. "Hapa," akasema, "wino umekuwa mwepesi. Rudia." Nikarudia. Bwana Hayyan alikuwa anatuletea tende na maziwa ya mgando, na mjomba alikula za kwake na nusu ya zangu.

Sasa wewe.

Umeshona matandiko miezi yote hii, nami najisifu kanisani! Nilisimama ghalani nikawaza: nani alimfundisha huyu kwamba akikosa meza atakosa na dada? Nikajibu mwenyewe. Ni mimi, kwa mdomo wangu mkubwa, siku ile gatini, nilipowaambia watu wote kwamba usipokuwa mtu mkubwa usirudi. Nilikuwa natania. Ulikuwa na miaka ishirini na mitano, ungejuaje kama ni utani?

Bwana Hayyan anatafuta mtu wa kukagua vichwa vya magombo, anayejua Kiyunani na Kiarabu pia. Nilimwambia nina ndugu. Akauliza, "Huyohuyo?" Nikasema huyohuyo, hakuna wa kumfananisha naye katika Misri nzima, maana kosa hilo hatalifanya tena mpaka afe. Amesema uje umwone. Hakuahidi. Mimi sikuiti kwa sababu ya kazi hiyo. Hata akikukataa, njoo.

Dada yako anayekupenda,
Tagapi

*

Damaski, siku ya nane ya Epep

Dada,

Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya Dhakwan, nikimtafsiria. Tulipofika pale mjomba anaposhuka na chungu, mzee aliniomba nirudie. Alisema angependa kumjua mtu huyo. Alipoona mwandiko wa Bwana Hayyan kwenye kipande ulichonitumia, aliutazama sana akasema huo ni mkono wa watu wa kwao, na akaninunia kutwa nzima kwamba wangu haufanani nao hata kidogo.

Siku ile gatini nilijua unatania. Nilicheka pamoja na wote. Lakini mashua ilipoondoka nilibaki nayo, nikaibeba miaka kumi na minane, na kila nilipotaka kuja kuwaona nilijiuliza nimekuwa mkubwa kiasi gani. Wiki iliyopita ofisi iliniita. Wameniona naweza, wamenipa nafasi ya chini kabisa, kunakili majina ya vijiji kwa Kiarabu, chini ya kijana wa miaka ishirini. Ningefurahi sana mwaka jana. Nilikaa pale asubuhi moja, nikaandika vijiji arobaini, sikuruka hata kimoja. Adhuhuri nikasimama, nikamshukuru yule kijana, nikatoka. Nilitaka tu kujua kama naweza.

Nakuja, dada. Natoka na msafara wa mafuta baada ya siku tano, na Mungu akipenda mtaniona kabla mto haujafunika mashamba. Dhakwan amekataa kulia. Amenipa tandiko moja nililoshona mwenyewe, la punda wako. Upande wa kushoto umekwenda kombo, mtalivumilia wewe na punda.

Kwa Bwana Hayyan nitakwenda, nitakaa mbele yake nimwandikie atakalo. Akinikataa nitagonga mafunjo na wanawake wa nyundo. Wacha wanicheke, kicheko chao nimekikosa siku nyingi.

Jambo moja nakuomba. Najua siku barua hii ikifika utatoka nayo mpaka mlangoni pa kanisa. Usiwaambie kwamba karani wa Damaski anarudi. Waambie Kolutho anakuja nyumbani, na anakuja na njaa.

Mdogo wako,
Kolutho